Mkono wa Gathuku na Uyoga wa Meno

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Natasha iweke hiyo simu hapa juu ya mto, karibu na mdomo wangu, irekodi kila neno, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni na sitaki baada yangu mtu aseme nilisema nisilolisema. Wanjugu, fungua pazia. Nataka kuziona nyuso zenu. Njuguna, usisimame hapo kama mtu anayengoja gari. Njoo ukae kitandani, upande huu ambao mbavu hazijavunjika. Na mkeo Jepleting aache hizo sufuria aingie, kwa kuwa haya yanamhusu yeye pengine kuwapita ninyi nyote.

Sitawaficha hali yangu. Daktari kule Nakuru alisema mfupa umetoboa pafu, na mimi mwenyewe ndiye niliyeomba nirudishwe hapa Dundori, nife nikisikia ng'ombe wangu. Kila nikigeuka nasikia maji yakicheza kifuani. Ni leo au kesho. Kwa hiyo nisikilizeni bila kulia, kwa sababu pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema, si ya kuwabembeleza.

Neno la kwanza ndilo zito, na nimelibeba miaka tisa mpaka limenipinda mgongo. Baba yenu Kang'ethe hakumkata ndugu yake mkono. Mkono wa Gathuku niliukata mimi.

Usiniguse, Wanjugu. Niache kwanza niseme. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ndiyo mimi. Nikizikwa nayo, mtaendelea kuishi na jina ambalo si la baba yenu.

Mnalijua lile bonde letu la chini, pale mto unapopita, ambapo baba yenu alikataa kulima viazi kwa sababu jua halifiki. Pale ndipo ulipokuwa mutamaiyu ule mkubwa, mzeituni wa msituni ambao watu watatu wakishikana mikono hawakuuzunguka, nusu hai na nusu umekauka tangu ulipopigwa na radi kabla sijaolewa. Mwaka ambao Natasha alianza shule, mvua ya Aprili ikiwa imeshika, nilishuka kuokota kuni nikaona kitu cheupe kimening'inia kwenye ufa wa shina, juu kidogo ya kichwa changu. Nilidhani ni manyoya ya kondoo, nikashangaa kondoo amepandaje huko. Nikanyoosha mkono. Kilikuwa laini na kibichi, na hakikuwa na kofia kama uyoga tunaoujua. Kilikuwa meno matupu, meno membamba mamia kwa mamia yanayotazama chini, yanadondosha maji kwenye ncha, kama ndevu za beberu aliyetoka mtoni. Sikukichuma. Msidhani ilikuwa hekima. Niliogopa.

Mwaka uliofuata ndipo alipokuja Chelagat, huyu mnayemwita mwalimu wa uyoga. Wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, anazunguka na kikapu na viatu vya mpira, akiwauliza akina mama wa kuni wameona nini msituni. Wenzangu walimcheka, wakasema serikali imekosa kazi ya kuwapa vijana. Mimi nilimpa chai, tukashuka naye bondeni. Alipokiona alikaa chini kwenye matope, na sketi yake safi. Kisha akaanza kazi. Alipima meno kwa rula. Alinusa. Aliniuliza mti ni gani, ulikauka lini, kitu hiki hutoka mwezi gani na hudumu siku ngapi. Akakata kipande kama kidole gumba, akakilaza juu ya karatasi nyeusi na kukifunika kwa bakuli langu, na asubuhi karatasi ilikuwa na vumbi jeupe kama unga wa ngano. Akasema hizo ndizo mbegu zake. Kile kipande tulikikausha kando ya jiko, polepole, kikawa cha manjano kama jino la mzee, akakitia kwenye mfuko wa kaki na kuandika juu yake jina la mahali, tarehe, na jina langu. Sikuwa nimewahi kuona jina langu limeandikwa na mtu asiyetaka kura yangu.

Alinifundisha kuutambua, nami nawafundisha ninyi, hasa wewe Natasha ambaye umemfuata Chelagat tangu ukiwa mdogo lakini hujawahi kuuona ukiwa mpya. Kuna uyoga mweupe mwingi kwenye miti iliyooza. Ukipindua ukaona vitundu chini, si wenyewe. Ukiona kurasa kurasa kama za kitabu, si wenyewe. Upo jamaa yake mwenye matawi matawi, meno yamejipanga kwenye kila tawi. Huo ni wa ukoo, lakini si wenyewe. Wetu hauna tawi. Meno yote yanatoka kwenye donge moja, na yakikomaa yanapita urefu wa kidole cha kati.

Ilimchukua Chelagat mwaka mzima kunijibu. Alirudi akasema ameutazama kwa darubini, ameulinganisha na ile iliyohifadhiwa kwenye makabati ya chuo na ile iliyoandikwa katika nchi za mbali, na hajapata wa kufanana nao sawasawa. Hapa kwetu alikuwa ameukuta kwenye miti miwili tu, wetu na mwingine kule Eburru, juu ya Ndabibi. Alipopanda Eburru mara ya pili kuutazama, pale mti uliposimama alikuta tanuri la makaa bado linafuka moshi.

Nilimuuliza sasa tufanye nini. Akaniambia, "Mama, hicho cheupe unachokiona ni tunda tu. Mwenyewe yumo ndani, kwenye moyo wa mti, na huenda amekaa humo kabla hujazaliwa. Ukiuondoa mti, umemwondoa na yeye."

Maneno hayo yaliniingia vibaya. Sikuwa nimewahi kuwa na kitu ambacho hakuna mwingine alicho nacho. Na hapo ndipo dhambi yangu ilipoanzia, kwa sababu mti ule, wanangu, haukuwa wetu.

Ndiyo. Babu yenu alipowagawia wanawe shamba, alipanda maua ya mpaka kutoka barabarani hadi mtoni, na mutamaiyu ukabaki upande wa Gathuku. Hatua nne tu, lakini upande wake. Gathuku alikuwa Naivasha miaka hiyo, anafanya kazi kwenye mashamba ya maua, anakuja nyumbani Krismasi kwa Krismasi. Basi Jumapili moja, baba yenu akiwa kanisani, nilishuka na jembe, nikang'oa yale maua mstari mzima wa kule chini, nikayapanda upya hatua sita ndani ya shamba la shemeji yangu. Baba yenu aliyaona jioni ile ile. Hakugomba, mlimjua, hakuwa mtu wa kugomba. Alisema neno moja tu: "Rudisha." Nikasema nitarudisha mvua ikipungua. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini ngoja yangu mimi ilikata mfupa.

Gathuku aliachishwa kazi akarudi, na mtu asiye na kazi huanza kutazama miti. Makaa ya mutamaiyu mnayajua, hakuna makaa yanayoyashinda. Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa saba, asubuhi, baba yenu amepeleka maziwa na ninyi mko shuleni. Nikasikia msumeno wa injini ukijaribiwa kule chini, unakohoa na kuzima, unakohoa na kuzima. Nilishuka mbio bila viatu. Nikamkuta Gathuku na wanaume wawili nisiowajua, wameshafyeka vichaka kulizunguka shina, na uyoga umetoka wiki ile, mkubwa kama kichwa cha mtoto.

Aliponiona alisema kwa utaratibu, "Mama Wanjugu, huu mti ni wangu na wewe unajua."

Nikamwambia atazame maua ya mpaka. Akayatazama. Akatembea kutoka kwenye maua hadi kwenye mti, na nilimwona midomo ikicheza, anahesabu hatua. Kisha akarudi akanipiga kofi la sikio hata nikaona giza. Sikuanguka. Nilikwenda nikaukumbatia mti. Mmoja wa wale wanaume akasema, "Mathe, toka hapo tusikuumize," halafu hakungoja nitoke. Alinishika nywele, mwenzake akanishika miguu, wakanivuta, na nilipokataa kuachia walinipiga mateke ya tumbo mpaka vidole vikafunguka vyenyewe. Wakanitupa kando. Gathuku akauwasha msumeno, ukaingia kwenye shina, na vumbi la mbao likamwagika la manjano kama unga wa mahindi. Mti mzima ulikuwa unatetemeka. Uyoga ukadondoka. Ukaanguka matopeni miguuni pake, naye akaukanyaga, wala si kwa ubaya, hakuona hata ni kitu gani.

Panga lao la kufyekea lilikuwa limelala pale waliponitupa.

Miaka tisa nimejiambia nililenga msumeno. Nimemwambia Mungu hivyo kila Jumapili. Leo siwezi kumdanganya mtu yeyote, kwa hiyo nasema kweli: nililenga mkono. Nilishika panga kwa mikono miwili kama mtu anayepasua kuni, nikapiga juu ya kifundo, mara moja, na panga lao lilikuwa limenolewa vizuri. Mkono wa kushoto ulianguka vidole vikiwa bado vimekunjwa. Msumeno ulianguka ukaendelea kunguruma, ukichimba udongo na kuzunguka wenyewe kama nguruwe aliyechomwa mkuki, na wale wanaume wawili wakakimbia, na Gathuku akabaki amesimama anautazama mkono wake chini, hajalia bado. Damu ilifika kila mahali. Ilifika kwenye vile vipande vyeupe, na meno yakainywa yakawa mekundu mbele ya macho yangu.

Baba yenu alisikia kelele akiwa barabarani. Alishuka, akavua sweta yake, akauzungushia mkono wa ndugu yake, akaukaza kwa mshipi wa suruali. Kisha akanigeukia mimi ambaye nilikuwa bado nimeshika panga, na hayo aliyosema nitayasema kama yalivyokuwa.

"Nipe hilo panga. Ndugu akimkata ndugu, wazee watasema ni mambo ya shamba. Mwanamke akimkata shemeji yake, watakuja kutuchomea nyumba na watoto wakiwa ndani. Natasha ana miaka tisa. Nipe."

Nikampa. Akalichovya shati lake kwenye damu kwa makusudi, huku Gathuku akituona na kutusikia. Wakapanda wote wawili kwenye pikapu ya maziwa, ndugu amempakata ndugu. Na mahakamani Gathuku alisimama na kigutu chake akasema aliyemkata ni Kang'ethe. Msimlaumu kwa uongo huo. Aliona afadhali kukatwa na ndugu yake kuliko kusema mbele ya watu kwamba amekatwa na mwanamke. Uongo huo ulitufaa sote watatu, na waliolipa ni ninyi.

Baba yenu alifungwa miaka minane. Mwaka wa tatu mfungwa mwenzake alimgonga kichwa ukutani kwa sababu ya blanketi, mara nyingi, hata baada ya kuwa hakuna tena wa kugombania blanketi. Mwili ulipoletwa niliuosha mimi na sikumruhusu yeyote kati yenu aone nyuma ya kichwa. Na mnakumbuka mazishi yale. Mchungaji aliombea getini. Wazee wa ukoo walikuja, wakasimama, na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa kusema mazuri ya marehemu, kwa sababu amemwaga damu ya tumbo la mama yake. Mimi nilikaa pale kwenye kiti cha mjane, nikapewa pole, nikanyamaza. Wanjugu, mchumba wako alirudi kwao mwezi huo, wakasema hawaoi kutoka nyumba ya mkata mikono. Ulilia wiki mbili chumba cha pili, nami nikisikia, nami nikinyamaza. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi mjukuu huyo nimemlea mpaka ameota ndevu.

Njuguna. Sasa nakuja kwako.

Ulikuwa na miaka kumi na saba asubuhi ile tulipokuta ng'ombe wetu wawili wamekatwa mishipa ya miguu ya nyuma, wanajaribu kusimama na kuanguka, kusimama na kuanguka. Hatukujua ni nani, ingawa kila mtu alijua ni upande gani. Ulichukua shoka ukawamaliza, mmoja baada ya mwingine, na uliporudi ndani macho yako yalikuwa si yale uliyotoka nayo. Tangu siku hiyo ukaanza. Ulimvunja taya kijana wa watu pale senta kwa sababu alikuita mtoto wa Kang'ethe kwa kicheko. Ulimpiga kibarua kwa mpini wa jembe. Na mwezi wa pili mwaka huu Jepleting alikuja kwangu jicho limefunga na mtoto mgongoni, nikakuita, nikakuuliza, na ukanijibu umeinama, "Nifanye nini, mama? Ni damu ya baba."

Siku ile ndiyo ningepaswa kusema. Basi sikia leo. Baba yako hakuwahi kumpiga mtu. Hakumpiga mkewe, hakumpiga mtoto, hata fahali alipomrusha shimoni alitoka akamwekea majani. Hakuna damu ya Kang'ethe inayokusukuma mkono. Kama ni damu, ni yangu, na mimi nakwambia, mimi niliyeshika panga, hakuna kilichonisukuma. Niliamua. Kati ya kuliona panga na kuliinua palikuwa na nafasi ya kutosha mtu kuamua, na nafasi hiyo unayo wewe kila mara kabla hujainua mkono. Usimsingizie maiti.

Na neno la pili ni hili. Jumanne ile walipokuja wale watu watatu na msumeno, nilishuka kama nilivyoshuka zamani, ila mzee hakimbii, nilifika wameshaukata hadi katikati. Niliwaambia waache. Aliyekuwa na shoka akaniambia, "Mathe, kijana wako ametuuzia. Muulize Njuguna." Ndipo nikajua. Sikutoka pale, nikasimama kati yao na mti, naye akanipiga kwa mpini, hapa, na hapa, na nilipoanguka akanipiga tena, na mti ukaanguka upande wa pili, ardhi ikatikisika chini ya mgongo wangu. Najua hukuwaambia wanipige. Najua ulidhani watangoja nizikwe. Sikulaani, Njuguna. Inua uso. Nasema sikulaani, lakini sitaficha, kwa sababu kuficha ndiko kulikotufikisha hapa.

Mnadhani aliyenibeba hadi barabarani ni majirani. Ni Gathuku. Alikuja akirusha mawe kwa mkono wake mmoja, anapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa mtu mzima, na wale watatu wenye shoka na msumeno wakamkimbia mzee mwenye kigutu. Alinipandisha mlima ule akinivuta na kunibeba, akipumzika, akinivuta tena. Mkono mmoja haulei mwana, lakini ulinitoa bondeni.

Juzi alikuja hapa, ninyi mkiwa sokoni. Nilimwambia habari za maua ya mpaka. Akasema, "Nilihesabu hatua siku ile. Nilijua kabla hujanikata." Nikamuuliza mbona basi alikuja kuniokoa. Akasema hakuja kwa ajili yangu wala kwa ajili ya uyoga wangu. Alisikia msumeno. Akanieleza kwamba tangu siku ile, msumeno ukiwashwa hata ng'ambo ya pili, mkono asiokuwa nao unamuuma, anaingia ndani na kujifunika blanketi kichwani mpaka unyamaze. Na Jumanne ile akachoka kujifunika. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwomba aseme. Tulikaa. Akanywa uji uliobaki. Akiondoka akaniambia, "Hakuna msumeno utakaoingia kwangu nikiwa hai."

Nipe maji, Jepleting. Kidogo. Basi.

Sasa shikeni maagizo, na Natasha hakikisha simu bado inasikia.

Bonde lile lote, hadi palipokuwa na maua ya babu yenu, lirudi kwa Gathuku. Wanjugu, utakwenda na yeye kwa chifu, muyapande upya maua pale yalipokuwa, hatua sita nyuma, mbele ya mashahidi. Nyumba hii na shamba la juu la viazi ni vyako, kwa kuwa umevilinda bila mume wakati wenzako wanalalamika. Natasha, sehemu ya kando ya barabara ni yako. Usiiuze kabla hujamaliza masomo. Njuguna, sehemu yako ni ile ya katikati, na iandikwe majina mawili, lako na la Jepleting. Akiondoka kwako kwa sababu ya kupigwa, aondoke nayo, na ninyi binti zangu msimame upande wake. Nimemaliza hilo. Asiulizwe mtu.

Wale watu watatu wasitafutwe na mtu kwa panga. Nimeona panga linakopeleka. Njuguna, simu yako ina namba zao na maneno mliyoandikiana. Kesho utaipeleka polisi mwenyewe, kwa miguu yako, useme ulichofanya kabla hujasema walichofanya wao. Ikiwa utafungwa, ufungwe kwa lako. Baba yako alifungwa kwa langu.

Na huo mti. Umeanguka, lakini Chelagat aliniambia kwenye simu kwamba mwenyewe bado yumo ndani ya gogo, na akiachwa kivulini, kwenye unyevu, ataendelea kutoa miaka mingi, kumi, ishirini. Mti ulipokatwa mara ya kwanza, uyoga ulitoka kwenye kidonda chenyewe, mvua iliyofuata. Kwa hiyo gogo lisisogezwe, lisipinduliwe, lisivunjwe hata tawi. Msifyeke upupu na magugu yanayowasha yaliyolizunguka. Huo ndio ukuta wake. Mbuzi wafungwe. Chelagat atatoboa gogo achukue vipande vya mbao, avipigilie kwenye ile mitamaiyu miwili iliyozeeka ng'ambo ya mto, na ile miche arobaini niliyoipanda msiing'oe hata mkikosa pa kulima. Haitawafaa ninyi. Mutamaiyu hauna haraka. Ukitoka uyoga mmoja, uacheni umalize meno yake na kuoza. Kipande cha kupima ni cha Chelagat peke yake. Msiupige picha mkaeneza kwenye simu na kutaja mahali. Na msiule. Najua hauna sumu, nilionja mara moja, ni mtamu kama kuku, na ndiyo sababu nawakataza.

Tena sikilizeni hili, maana nawajua watu wa matanga. Watakuja wengi, mtahitaji kuni za kupikia siku nne, na kila mwanamume atakayeshuka mtoni ataliona gogo lile na kusema, hizi hapa kuni za mama. Msikubali. Nunueni kuni. Mkikosa, watu wale mkate na chai baridi. Sitaki kupikiwa na mti huo.

Mnizike ubavuni mwa Kang'ethe. Asiongee mtu, wala mchungaji wala mzee wa ukoo, kabla Natasha hajaicheza hii sauti, yote, bila kukata, kwenye kipaza sauti, wazee wakiwa wamekaa. Halafu waambieni wamalize hotuba walizolinyima kaburi la pembeni, la baba yenu. Udongo wa kwanza autupe Gathuku, akitaka. Asipotaka, msimlazimishe.

Pumzi inakwisha. Wanjugu, niinue kidogo... hivyo. Mzazi hubariki kwa mate, lakini mate yenyewe hayatoki, kinywa kimekauka. Leteni hicho kikombe nichovye kidole.

Wanjugu, wewe wa kwanza. Ulale usingizi. Jina lako ni safi... lilikuwa safi siku zote. Natasha. Macho yako yaone vidogo, yasichoke. Usiwe na haraka ya kumiliki kitu... kitazame tu. Jepleting, binti yangu, njoo. Usiogope mlango wowote wa nyumba hii.

Njuguna. Karibu zaidi. Sikuoni vizuri... nipe mkono. Mbona umeukunja? Ufungue, mwanangu. Ufungue kiganja... siwezi kubariki ngumi. Ufungue... ngoja nipate maji. Hapo. Hapo katikati.